Mlango wa Chumba cha Mama

Alipostaafu, subira haikumjia pamoja na kiinua mgongo. Miaka ishirini na sita aliendesha gari la wagonjwa, na wenzake walimpa jina la Honi kwa sababu king'ora kilikuwa kikilia na yeye bado anapiga honi juu yake. Neno "ngoja" lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Kwa hiyo kibali cha ujenzi hakukingoja. Banda lake la gari lilikuwa nguzo sita na paa la bati, limeegemea ubavu wa nyumba. Alitaka kuligeuza gereji kamili. Alishaziba pande mbili kwa mabati, na ukuta wa nyumba alishautoboa kupata mlango unaotoka moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Miguu ya mama ilikuwa imegoma. Kila wiki alipelekwa kliniki kwa kiti cha magurudumu, na mvua ikinyesha alifika garini ameloa chapachapa. Sasa zingekuwa hatua nne tu, tena pakavu. Ubao wa mlango ulikuwa bado kwa seremala. Pazia lilitosha kwa muda.

Mkaguzi wa majengo alikuja asubuhi, mwanamke wa rika la binti yake, buti zimejaa tope, futi mkononi. Alizunguka, akapima, akaandika, akasimama mbele ya lile pazia.

"Huu utauziba, mzee."

"Niuzibe kwa nini?"

"Gereji haifungukii chumba cha kulala. Weka mlango ukumbini, mzito, usioshika moto haraka, unaojifunga wenyewe. Chumbani, hapana."

Honi alihisi masikio yanapata moto. "Binti, umewahi kumbeba mama yako kwenye mvua?"

"Bado." Hakuinua sauti, na hilo lilimuudhi Honi zaidi. "Gari unaliwashia wapi?"

"Hapa hapa. La zamani hili, lazima lipashe injini kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Kumi na tano."

Mkewe, aliyekuwa anaanika nguo karibu, akaacha shati mkononi. "Baba watoto," akasema taratibu, "kile kichwa cha mama."

Wiki tatu mfululizo, tangu ukuta utobolewe, kila asubuhi ya kliniki gari likipashwa, mama alilalamika kichwa na kichefuchefu. Honi alimpa vidonge, akamwambia ni njaa. Mara ya mwisho alimfokea kwamba anadeka. Yeye, aliyewahi kuwatoa watu wawili kwenye chumba kilichofungwa, jiko la mkaa katikati, wamelala usingizi usio na kuamka. Moshi unaoua aliujua, na wa gari lake ulikuwa ukipenya kwenye lile pazia.

"Hakuna aliyekuuliza," alimjibu mkewe, akaichukia sauti yake hapo hapo.

Mkaguzi aliomba jembe. Alichimba chini ya nguzo ya kona, na haikuchukua muda. Nguzo iliishia shibiri moja ardhini, bila hata kipande cha zege. "Paa la bati inalibeba," alisema. "Ukiongeza matofali na mlango wa chuma, banda litawaangukia."

Aliyesimika zile nguzo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Alipoitwa mchana alikuja anatabasamu.

"Ulisema umechimba hadi kiunoni," Honi alimwambia. "Kiuno cha nani, cha kuku?"

"Shemeji, wewe ulitaka kivuli, hukutaka ngome."

"Chini ya hicho kivuli anapita mama yangu."

Tabasamu likafifia. "Nilijua hutafukua kuangalia," shemeji akakiri, macho chini.

Honi alimkabidhi jembe. Hakumpa kiti, hakumpa chai. Shemeji alichimba mashimo yote sita, siku nne, na jioni ya kwanza dada yake mwenyewe alipita mbele yake bila kumsalimu.

Mlango wa chumbani Honi aliuziba kwa mikono yake, tofali kwa tofali, akilibamiza kila moja kana kwamba limemtukana. Alipomaliza aliingia chumbani.

"Nilikwambia si njaa," mama alisema.

"Uliniambia, mama."

"Ukanifokea."

"Nilikufokea. Nisamehe."

Mama akageukia ukutani. "Toka, unanuka saruji."

Mkaguzi aliporudi, nguzo zilikuwa na msingi, sakafu ya gereji imeshushwa chini ya ile ya nyumba na kuinamia nje, mafuta yakimwagika yasiingie ndani. Bado aliukataa mlango wa ukumbini, kwa sababu haukujifunga sawasawa. Ulibaki wazi upana wa kidole. Honi alitukana bawaba, akatukana seremala, akazibadilisha. Safari ya tatu mkaguzi alitia saini.

"Mama anataka kukuona," Honi alisema badala ya kumshukuru.

Mkaguzi alivua buti, akaingia. Honi alibaki ukumbini. Aliwasikia wakiulizana hali, kisha mama akacheka, kicheko ambacho yeye hakuwa amekisikia tangu atoboe ule ukuta. Alisimama pale ngumi zimekunjwa, hasira bado imemjaa kifuani, na mtu wa kumtupia hakuwepo zaidi yake mwenyewe.