Nilipanda mlima kutafuta kamera yangu mwenyewe, picha yangu ya kwanza ikakaa juu ya jeneza

Wakuu salaam. Mimi humu ni msomaji tu, naandika kwa nadra. Hili limenipata mwenyewe na siongezi chumvi.

Mama yangu ni mpiga picha huku Kibosho. Komunyo, kipaimara, harusi, misiba, anayeitwa ni yeye. Nimekulia kwenye kamera yake.

Shida ni kwamba kila nikipiga picha kali, watu wanasema, "Mashine ya mama yako iko vizuri." Iliniuma sana hiyo kauli.

Siku nilipomuomba niende nayo mlimani, hakunizungusha.

"Mwanangu, hii ndiyo inasomesha wadogo zako. Ikianguka huko juu tumekwisha. Tafuta ya kwako."

Hakukosea. Nikaenda kuwa mgumu. Kwa wa mbali, mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule anayebeba mahema na vyakula vya wageni. Hesabu yangu ilikuwa tips za mlimani ziniletee kamera.

Aliyeniingiza kazini ni Deo, jirani yetu, tumekua wote. Deo huyohuyo akaniunganisha na guide mmoja wa Rau aliyeachiwa kamera ya DSLR na mgeni, alikuwa anaiuza. Guide akakubali kunisubiri.

Huku nasubiri nikawa nafanya mazoezi kwa simu, screen yenyewe imepasuka. Niliwapiga wagumu wenzangu. Mgeni akipanda anapigwa picha hadi anachoka, lakini sisi tuliombeba nani anatupiga?

Basi tukapanda safari ambayo nikishuka ningekuwa na hela ya kumalizia kamera.

Asubuhi moja kambini, mawingu yako chini yetu, Deo ameshaweka begi kichwani. Nikamwambia asimame kama padre kwenye matoleo. Akainua mikono, akaanza kucheka, nikapiga.

Akaja kuangalia. "Hii kali. Nitumie niweke profile."

"Ngoja tushuke kwenye network," nikamwambia.

Kesho yake Deo akaamka anakohoa na pumzi haitoshi. Guide wa safari yetu hakuzembea, alimshusha palepale kwa machela ya tairi moja. Mimi nilibaki na mzigo wangu na sehemu ya mzigo wake.

Nilipofika geti la kushukia nikaambiwa hakufika hospitali. Ni mapafu, walisema.

Wakuu, sitaelezea sana hapo.

Nyumbani ikaonekana hakuna picha ya Deo ya ukubwani. Iliyokuwepo ni ya kipaimara, kitoto. Simu yake ina password, hakuna anayeijua. Kaka yake akaja kwa mama yangu kuuliza kama anayo yoyote.

Mama hakuwa nayo. Nilikuwa nayo mimi.

Ikasafishwa mjini Moshi, ikawa kubwa, ikawekwa kwenye fremu juu ya jeneza. Picha yangu ya kwanza kuchapishwa maishani.

Mama yake Deo aliniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akauliza tu, "Alikuwa anacheka nini?"

Nikamweleza habari ya padre na matoleo.

"Ndiyo yeye huyo," akasema. Akarudi kukaa na wenzake.

Siku ya mazishi mama yangu akanivulia kamera yake shingoni. "Chukua. Leo piga wewe." Nikamwambia siwezi. Akapiga mwenyewe, huku analia, hadi tukamzika kihambani, shamba la ukoo wao, kwenye migomba.

Kamera ya yule guide wa Rau niliichukua baadaye. Ni yangu kabisa, hakuna wa kuniambia ni mashine ya mama. Nilidhani siku hiyo nitafurahi. Niliiweka kitandani nikabaki naiangalia kama kitu cha mtu mwingine.

Kinachonimaliza ni hiki. Wagumu waliiona ile picha msibani. Sasa nikienda getini wananifuata kabla ya kupanda, wamenawa uso, wamechana nywele.

"Nipige kama ile ya Deo. Huwezi jua."

Wanasema kwa utani, lakini hawacheki wakisimama mbele ya lenzi. Na mimi nawapiga, kwa sababu hata mimi siwezi jua. Nikifika nyumbani nazifungua nakuta nyuso za watu wenye afya kabisa, na kila mmoja namuona kwenye fremu juu ya jeneza.

Sijapiga picha ya kitu kingine chochote tangu hapo. Mlima uko mlangoni na siutamani.

Nilichojifunza: usimwambie mtu subiri network, mtumie picha yake akiwa bado anaitaka. Na kifaa cha kwako unaweza kukipata kwa jasho lako, ila hamu hainunuliki popote.

Kama kuna aliyewahi kuipenda kazi ikamgeukia hivi, aandike hapo chini aliendeleaje. Nitasoma zote, hata nikishindwa kujibu.