Sifuri kwenye Ukurasa wa Boma la Gendabi

Ipo siku moja pale Dongobesh, mwanangu, ambayo hainitoki. Wazazi walikuwa wameshatutoka, nami, mtoto wao mkubwa, nikaacha shule ili wadogo zangu wasome. Kompyuta nilijifunzia kwenye duka la kuchapa, kisha ofisi moja ikanipa kazi ya kutunza tovuti ya chanjo ya mifugo.

Kila boma lilikuwa na ukurasa uliojengwa kwa vipande: picha, njia ya kufika, idadi ya ng'ombe. Kipande kimoja kikikosa maelezo, ukurasa mzima haufunguki. Msimamizi wangu, Daniel, akaiandikia kompyuta amri za kujaza sifuri kila penye pengo. Kurasa zikafunguka zote, akafurahi.

Ndipo akaingia Mzee Gidahoda, mfugaji wa Gendabi. Alikuwa amesikia gari la chanjo, lililopangiwa safari kwa kurasa zile, halitafika kwake, na ugonjwa ulishaingia kwa majirani. Nikampa shikamoo, akaitika, akauliza ukurasa wake unasemaje. Nikamsomea: ng'ombe sifuri.

"Binti," akasema taratibu, "kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu. Nilipoulizwa idadi, nilinyamaza. Nani amesema sina?"

Daniel alitaka tubahatishe namba, maana gari linaondoka kesho. Nikakataa. Akanitania kwamba mimi ni mbishi kuliko punda wa kijijini Bashay. Nikacheka, lakini sikuinuka kitini. Nikaandika amri nyingine: zipite kila ukurasa, zikikuta pengo zisijaze kitu, zinitajie boma na kipande kinachokosekana. Mapengo yalikuwa mengi, mwanangu. Waliosahau tuliwapigia simu. Daniel mwenyewe alivuta kiti akasaidia. Wasiotaka kuhesabu tuliwawekea maneno haya: wapo, bwana mifugo ataona zizini. Daniel akapakia chanjo za akiba kwa ajili yao.

Nilikwenda na gari lile. Mzee alisimama mlangoni pa zizi, ng'ombe wakapita mmoja mmoja kwenye sindano, na hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Basi ukikuta pengo, usilizibe ili kazi ionekane imekwisha. Simama hapo hapo, mtafute mwenye habari, muulize. Akichagua kunyamaza, andika kwamba amenyamaza, usimsemee. Watakuharakisha, wewe kaa kitini.

Mungu akujalie moyo usioyumba, mwanangu. Zizi lako lijae, na asitokee mtu wa kukuhesabia.