Bangili ya Bibi na sufuria ya dada yake

Jamani, leo bangili imetaka kuvunja ukoo hapa Misigiri!

Bibi alikuwa ananisimulia. Walipohamia kijiji cha ujamaa, babu aliokota sufuria mbovu, akaiyeyusha, akamtengenezea bangili ya uchumba.

Mimi machozi tele. Mapenzi bila kutupa kitu!

Dada yake Bibi akaacha kupepeta mtama.

"Aliiokota wapi?"

"Kwenye chanja chako, dada. Ilikuwa mbovu."

"Mbovu? Nilikuwa nimeiosha nikaianika!"

Kumbe miaka yote hiyo dada mtu hamsalimii jirani yake, akidhani ndiye aliyeiba sufuria hiyo!

Sasa bangili ameivaa yeye na haivui. "Na mfuniko wangu uko wapi?"

Bibi akaniangalia masikioni.

Wenzangu, hereni zilizokuja na bangili hiyo nimezivaa mimi. Nikimbilie wapi?