Siku Niliyogusa Seva ya Mtahiniwa

Mimi si mtu wa upole, na wanafunzi wangu wanajua. Nafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi hapa Nyeri, na nikiingia darasani nikute mtu amekalia kiti cha mwenzake akimwandikia amri, nawaka. Darasa la mwaka jana ndilo lililotaka kunimaliza. Walikuwa watu kumi na wanane, karibu wote wametoka kwenye mashamba ya kahawa na ng'ombe, wamelelewa kwa ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu, hakuna anayeachwa peke yake na magugu. Shambani ni jambo zuri sana. Kwenye mtihani ni balaa.

Chuo chetu hakina seva kumi na nane za kugawia watu. Tuna mashine moja kubwa, ilikuja ikiwa imeshatumika kwingine, inakaa kwenye kabati la chuma nyuma ya darasa na feni yake inapiga kelele kama kinu cha posho. Imewekwa Linux. Nilichofanya ni kuigawa. Ndani yake nilitengeneza seva ndogo kumi na nane, kila mwanafunzi na yake, kila moja na faili zake, watumiaji wake na anwani yake ya mtandao. Ukiwa ndani ya moja unaona kama uko peke yako duniani. Ila zote zinakula kutoka sufuria moja, yaani memori ni ya ile mashine kubwa, ambayo wanafunzi waliibatiza mashine mama.

Wiki za mazoezi nilikuwa nawakuta kwa seva za wenyewe. Mmoja akimaliza kazi yake anahamia kwa aliyekwama, anamnyooshea mambo, anatoka, na mwenye seva anapokea sifa bila hata kuona aibu. Nilipochunguza nikakuta paswadi za darasa zima zimeandikwa kwenye kikundi chao cha WhatsApp, zimepangwa vizuri na kiongozi wa darasa. Nikafoka. Kiongozi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Sasa Madam, na mtu akikwama?"

Nikafunga kila kitu. Nikaondoa paswadi, nikampa kila mtu ufunguo wa kidijitali wa kwake unaofanya kazi kwenye kompyuta anayokalia tu. Nikazuia seva isione seva kwenye mtandao. Nikawaambia kuwa kuanzia siku hiyo mtu atavuna alichopanda mwenyewe. Njia moja tu ilibaki ya kuingia kwa mtu mwingine, ile ya mashine mama, na hiyo nilikuwa nayo mimi peke yangu. Nilijisifu kwa kazi hiyo, sitaficha.

Kwenye darasa hilo kulikuwa na mama mmoja aliyewazidi wote umri. Alitoka pande za Mukurweini, amepanga chumba mtaa wa Majengo, na alikuwa akifanya usafi hospitalini. Wenzake walimwita Mathe. Mimi nilimwita mama, ingawa ndimi mwalimu, kwa sababu ni rika la dada yangu mkubwa. Alikuwa ameanguka mtihani wa somo hili mara mbili. Hospitali ilikuwa imemwambia kwamba akipita watamhamishia kwenye ofisi ya kompyuta, na asipopita nafasi itaenda kwa mtu mwingine. Na sheria za mtihani hazina mara ya nne. Hayo yote aliniambia kwenye korido siku moja, bila kulia, akikunja aproni yake ya kazi.

Aliandika kwa vidole viwili. Aliuliza maswali ambayo wengine walikuwa wameyamaliza wiki nzima iliyopita. Nilimpenda sana mama huyo, na bado ukweli ni kwamba sikuamini angefika. Sikumwambia mtu, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Siku ya mtihani ilikuwa baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka geti la chuo halionekani. Mtahini alitoka Murang'a na gari lake, mzee wa maneno machache mwenye sweta ya kijivu. Tulimkaribisha chai akakataa, akasema kazi kwanza. Huku kwetu mgeni akikataa chai watu wanaanza kuogopa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mtahiniwa, ndani ya kipande chake cha mashine mama, atengeneze seva mbili zilizotengana: moja ya kliniki, moja ya duka. Duka lisione faili za kliniki. Na hata duka likilemewa na kazi kiasi gani, kliniki isitikisike. Kila mpangilio uandikwe kwenye karatasi pamoja na sababu yake. Walipewa saa tatu, na waliruhusiwa daftari zao. Mimi niliruhusiwa kukaa mbele ya skrini ya mashine mama nihakikishe haizimi, na mtahini alinionya mapema, "Macho tu, mwalimu. Mikono hapana."

Zilipobaki dakika kama thelathini nikaona jambo kwenye kipande cha yule mama. Seva yake ya duka ilikuwa inakufa. Inaamka, inajaza memori, inauawa na mfumo. Inaamka tena, inajaza, inauawa. Mara tatu. Nikatazama kiwango cha juu cha memori alichoiwekea: megabaiti mia mbili hamsini na sita. Nikamtazama na yeye. Ameinamia kibodi, midomo inacheza, kidole kimoja kiko hewani. Nikasema moyoni, huyu amechanganyikiwa, amekosea namba na hajui tatizo liko wapi.

Niliona tu jinsi atakavyorudi kwenye ndoo na fagio maisha yake yote kwa sababu ya tarakimu chache. Na mimi, mimi niliyefoka wiki tatu kuhusu kuingia kwa seva za wenyewe, nikapita kwenye ile njia ya mashine mama, nikaandika mstari mmoja, nikaondoa kiwango kabisa. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Duka likaacha kufa. Nikajiambia sijamfanyia mtihani, nimeondoa jiwe njiani tu, na nikapumua kwa raha.

Muda ukaisha. Mtahini akaanza kupita kompyuta moja baada ya nyingine. Alikuwa na programu yake ndogo ambayo kazi yake ni kula memori tu, anaiwasha ndani ya duka, kisha anatazama kama kliniki bado inajibu. Wengine walipita, wengine walipita kwa shida. Akafika kwa mama. Akaiwasha. Duka likavimba, likavimba, hakuna wa kulizuia, na baada ya muda mfupi kliniki ikaacha kujibu.

"Kliniki imeanguka," akasema, akaandika.

"Haiwezi," yule mama akasema. Hakupaza sauti. Aliinama, akabonyeza vitu viwili vitatu, akatazama. "Kiwango changu hakipo. Mimi niliweka mia mbili hamsini na sita."

Mtahini akachukua karatasi yake. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikasoma naye. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeacha shule zamani: *Duka: memori 256. Sababu: likizidiwa lianguke peke yake, lisivute kliniki. Nimejaribu mara tatu, limeanguka mara tatu, kliniki iko sawa.*

Ngai wangu. Nilichokiona kwenye skrini hakikuwa kosa, kilikuwa jaribio lake. Alikuwa ameiua ile seva kwa makusudi, mara tatu, kama nilivyomfundisha mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeharibu kazi iliyokuwa sahihi.

"Kuna mtu ameingia humu," mtahini akasema. "Nani mwingine ana ufunguo wako?"

"Hakuna."

"Nimesikia habari za darasa hili, kwamba mnasaidiana. Mama, mtu akikufanyia kazi ndani ya mtihani, wako unafutwa na wake unafutwa. Nakuuliza tena."

Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akijiuliza ni nani kati yao. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nimenyamaza. Nataka niseme hili wazi: nilinyamaza. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria labda mzee atachoka aache. Ilikuwa kama dakika moja, na hiyo dakika bado inanikera mpaka leo.

Yule mama akageuka akanitazama. Hakunishuku hata kidogo. Aliniona kama shahidi wake. "Madam, waambie," akasema. "Si ni wewe ulifunga?"

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyeingia. Nimeona duka linakufa nikadhani amekwama, nikaondoa kiwango. Yeye hajui lolote, na hawa wengine pia hawajui."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho kikulacho kilikuwa mwalimu. Mtahini akavua miwani. Akaniambia nimfungulie kumbukumbu za mashine mama, nikamwonyesha: saa, dakika, mstari mmoja, na aliyeuandika ni mimi. Akausoma mara mbili. Kusema kweli, tangu nilipofungua mdomo moyo ulikuwa umeshatulia. Hofu yote ilikuwa kwenye ile dakika ya kunyamaza. Angenifukuza saa hiyo hiyo ningeenda nyumbani na kula chakula changu vizuri.

"Wewe utaandika maelezo yako, na mimi nitaandika yangu," akaniambia. Kisha akamgeukia yeye. "Mama, siwezi kuweka alama kwa kazi iliyoguswa na mkono wa mtu mwingine, hata kama naona karatasi yako iko sawa. Una chaguo mbili. Tufute hii isihesabiwe, ungoje mtihani ujao. Au uanze sasa hivi, seva mbili mpya kutoka sifuri, mimi nimekaa hapa kando yako, na huyu mwalimu wako akiwa nje."

Ungoje mtihani ujao maana yake nafasi ya hospitali imeenda. Sote tulijua. Alifuta mikono kwenye sketi.

"Naanza," akasema.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi la korido pamoja na darasa. Nilitaka mtu anigombeze. Ningegombezwa ningejisikia nafuu. Badala yake mmoja akaniletea chai, mwingine akanipa nusu ya mandazi yake, na kiongozi wa darasa akakaa kando yangu akasema, "Pole, Madam. Hata sisi ingetushinda kukaa tu." Watu hawa, jamani. Nilikula yale mandazi machozi yananilengalenga.

Haikufika hata saa moja. Mlango ukafunguka, mtahini akatoka kwanza akiwa na karatasi zake kwapani.

"Nimelisukuma duka mpaka limeanguka," akasema. "Nimelisukuma mara tano. Kliniki imesimama." Akatazama darasa lote. "Huyu anajua anachofanya."

Matokeo rasmi yalikuja baadaye kwa njia zake, lakini pale tulikuwa tumeshajua. Darasa lilimrukia yule mama, wakamkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilihisi kama nimetua gunia la viazi nililobeba kutoka sokoni mpaka mlimani. Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata na imo kwenye faili langu, na mwaka mzima sikuruhusiwa kukaa karibu na mtihani wowote. Niliisoma, nikaisaini, nikaona ni haki.

Wenzake walipoanza kutawanyika nilimkuta kwenye bomba la maji nje akinawa uso. Alikuwa na zamu hospitalini mchana huo na alikuwa ameshachelewa. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikaanza kueleza, kwamba nilimwona ameinama, kwamba muda ulikuwa unaisha, kwamba nilitaka tu apate.

Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Ulidhani siwezi," akasema.

Halikuwa swali. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa mwalimu wake, na hapana ndilo neno ambalo mwalimu yeyote angesema.

"Ndiyo," nikasema. "Nilidhani huwezi."

Akafunga bomba, akajipangusa uso kwa upande wa kitambaa. Hakukasirika. Kama alikasirika hakunionyesha.

"Hata mimi," akasema. "Ile ya kwanza nilikuwa nafuata daftari. Nilinakili mstari kwa mstari, nikaomba Mungu. Sasa huyu mzee amesema anza upya na daftari ameweka mbali, nikajua leo nimekwisha." Akatazama mikono yake. "Nikaanza tu, na nikawa najua kila kitu kinaenda wapi. Hata nilikuwa nataka kumweleza, nikaona asije akasema napiga kelele."

Akachukua mfuko wake, akanishika mkono kwa mikono miwili jinsi watu wa nyumbani wanavyosalimiana.

"Ningepita kwa mkono wako, Madam, singewahi kujua kwamba naweza," akasema, akaharakisha kuelekea geti maana zamu yake ilikuwa imeshaanza.