Kioo Chenye Taa na Magoti ya Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hucheka peke yangu, kisha kicheko kinakatika. Ni siku niliyochagua gari zima kwa sababu ya kioo kidogo kama kiganja. Nimeikumbuka tena Jumapili hii, uliponikuta hapa Nangara nachambua mbaazi, ukanipa shikamoo, ukakaa kando yangu na kunionyesha kwenye simu magari ambayo unataka kuchagua mojawapo. Ulinionyesha taa zake na ringi zake, na kile kioo cha mbele kinachowaka kama televisheni. Nilikuuliza atalipanda nani, ukasema, "Shangazi, atapanda yeyote." Jibu hilo hata mimi niliwahi kuwa nalo, kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, na nilizoea kuamini kwamba nikisema neno limekwisha. Lami ilikuwa haijafika mji wetu huu wa Babati. Mama yangu, yaani bibi yako, aliishi kule Mutuka kwenye shamba la familia, na magoti yake yalikuwa yameanza kumgomea. Kutoka jikoni hadi zizini alipumzika mara mbili. Lakini hakulalamikia magoti. Alichokilalamikia kilikuwa dada yake, mama yetu mkubwa Anna, aliyeolewa huko juu, ukishapanda mlima wa Dareda kuelekea Mbulu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka, na habari zilizotufikia zilisema macho ya mama mkubwa yanafifia. Aliwatambua watu kwa sauti zaidi ya sura.

"Nataka anione kabla macho hayajamzimikia kabisa," mama alisema. "Sauti yangu ataisikia hata gizani. Uso je?"

Basi sisi watoto tukakubaliana kununua gari la familia. Kila mmoja alitoa alichonacho, na mama mwenyewe akatoa maksai wake wawili, wale aliowapenda hadi akawa anawaita kwa majina. Nikateuliwa mimi kwenda kuchagua, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilikuwa mwalimu, nikafuatana na Daniel, baba yako. Kabla hatujaondoka mama alitupa agizo moja tu. Alisema tukilipenda gari, niingie na kutoka mara tatu nikiyakumbuka magoti yake. Niliitikia haraka, kama wanavyoitikia wanafunzi kengele ikikaribia kulia.

Huko Arusha tulifika kwenye yadi yenye magari yaliyooshwa yakang'aa hadi macho yanauma. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali. Alitusalimia vizuri, akatuacha tuzunguke. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, lilikuwepo gari moja refu la kijivu, limesimama juu ya magurudumu meusi yasiyo na urembo wowote, umbo lake kama kabati. Tulilipita bila hata kulisalimu. Mbele lilikuwepo jingine, jekundu la damu ya mzee, limekaa chini, mgongo wake umeteremka vizuri, na kwenye buti limefungwa mkia mdogo ambao kazi yake hadi leo siijui.

Muuzaji akafungua mlango, akasema, "Dada, kaa ndani kwanza, halafu ufunue hicho kibao cha kuzuia jua."

Nikakaa. Nikakifunua. Mwanangu, nyuma ya kibao kulikuwa na kioo, na kando ya kioo taa mbili ndogo zikawaka zenyewe, taratibu. Nikauona uso wangu umeangazwa kama wa bibi harusi. Nyumbani kwangu wakati huo nilijitazama kwenye kipande cha kioo kilichovunjika pembe, taa yake ikiwa ni kibatari. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Moyoni gari lilikuwa limeshanunuliwa.

Usidhani baba yako aliniokoa. Yeye alikuwa ameshazama kwenye redio, kwa sababu namba zake ziliwaka rangi ya buluu na sauti ikipanda vijistari vinaruka. Muulize, atakataa. Wawili sisi, watu wazima, tuliotoka kwenye boma ambako ng'ombe hanunuliwi mpaka akaguliwe meno, kwato na chuchu, tulinunua gari kwa taa za kioo na vijistari vya redio. Injini tuliifunua, ni kweli, tukaitazama kama mtu anayetazama maandishi ya Kichina, tukaifunika. Kuingia na kutoka mara tatu hakukutokea. Kipya kinyemi, kingawa kidonda, walisema wahenga, na mimi methali hiyo nilikuwa naifundisha darasani.

Nyumbani kwetu kitu kipya hakikuanza kazi bila mzazi kukiombea. Ng'ombe mpya akiletwa, mama alimnyunyizia matone ya maziwa kabla hajachanganywa na wengine. Kwa hiyo tulipoingia Mutuka alikuwa anatungoja uani, amevaa kitenge chake cha kanisani, kibuyu cha maziwa mkononi. Akalizunguka gari polepole, akaupapasa mkia wake, akatabasamu. Kisha akasema aingie kwanza ndipo aombe.

Akainamisha kichwa, mguu mmoja ndani. Goti likakataa. Akajaribu kwa kutanguliza makalio, akatafuta pa kushika, mkono ukapapasa juu ya mlango na kukuta kitambaa kitupu, laini. Paa likamgonga kilemba. Nilimsaidia kwa kumsukuma na Daniel akamvuta, naye akatuomba tumwachie. Akasimama kando, akipumua, akaliangalia gari jekundu kwa muda.

"Gari zuri, Mama Neema," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu. "Ni la nani?"

Akageuka na kibuyu chake, akarudi ndani, na maziwa hayakunyunyizwa.

Ningekuwa na akili ningekiri palepale. Lakini kiburi cha mwalimu, mwanangu, ni kigumu kuliko chaki. Nilijiambia kwamba ni suala la mazoea, nikaanza kumfundisha mama yangu namna ya kuingia kwenye gari. Geuka hivi, keti, kusanya miguu, zunguka. Mwanamke aliyenifundisha kutembea, namfundisha kukaa. Jumapili mbili aliweza kwa shida. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, aliingia nusu akakwama, na magoti yakafunga. Wazee wawili wa kanisa walilazimika kumtoa mbele ya usharika mzima, kilemba kimeanguka, na wanakwaya wakajifanya wanatazama pengine. Sikuwahi kumwona mama akiwa mdogo vile. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya namna mbaya, kwa kuwa kwanza nilijionea aibu mimi.

Hakunigombeza njiani, maana njia hiyo hatukwenda pamoja. Alipanda mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Jioni nilipomfuata Mutuka nilimkuta anachambua mboga. Nikaanza kujitetea, nikataja ringi na redio. Akaniacha nimalize.

"Baba yenu alipokuwa ananunua ng'ombe," akasema, "ulimsikia akiuliza rangi?"

"Hapana, mama."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza atalima au atakamuliwa."

"Basi wewe ulikwenda kununua miguu yangu, ukarudi na uso wako." Akaendelea na mboga zake. "Mpelekee salamu dada yangu. Mwambie nikipata miguu nitakuja."

Nililia nikiendesha kurudi mjini, na kila nilipotaka kufuta machozi mkono ulikwenda wenyewe kwenye kile kioo, na zile taa zikawaka kunionyesha jinsi mtu mjinga anavyoonekana. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakusubiri, alizaliwa kabla hata ringi hazijachafuka.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu vijana hukomea kwenye machozi. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Juma lile lile niliwaita ndugu zangu, nikasema mimi ndiye niliyekosea, na sikumtaja Daniel. Mwalimu mwenzangu, kijana asiye na mke wala maumivu ya goti, alikuwa ameshaliangalia lile jekundu mara nyingi pale shuleni. Tukamwuzia yeye. Alilifurahia miaka mingi, na nikimwona analipeleka mjini sikuona kosa lolote kwenye gari lile. Halikutudanganya. Tuliliuliza maswali yasiyohusika, likatujibu.

Tukarudi Arusha. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini lile kabati la kijivu lilikuwa bado limesimama ukutani, maana wanunuzi wengi walikuwa kama mimi. Safari hii sikukaa kwenye usukani. Niliingia mlango wa abiria, nikatoka, mara tatu, nikiyakaza magoti kama ya mama, mpaka yule muuzaji akaniuliza kama naumwa. Na hapo, juu ya mlango, mkono wangu ukakuta kitu. Kishikio. Kipande cha plastiki nyeusi, kimekwaruzika, hakiwaki wala hakilii. Nikakishika nikainuka bila kusukumwa na mtu. Nikamwambia Daniel, hili.

Mutuka tulimkuta mama uani na kibuyu chake. Aliweka kibuyu chini, akapanda ngazi ndogo ya pembeni, mkono ukaenda juu kama uliokuwa unajua njia, akaketi. Akatuangalia kutoka huko juu. Halafu akashuka mwenyewe, akachukua kibuyu chake, akanyunyizia magurudumu yote manne, na yaliyobaki akatunywesha mimi na baba yako.

Jumamosi tukaondoka alfajiri kwenda kwa mama mkubwa. Tulipokaribia kumaliza mlima wa Dareda, mama akakunja uso, akaanza kupapasa kile kibao cha kuzuia jua. Akakifunua. Nyuma yake palikuwa patupu.

"Lile jekundu lilikuwa na kioo," akasema. "Nitajuaje kama kilemba kimekaa sawa? Ananiona leo, huenda asinione tena."

Mwanangu, nilisimamisha gari. Nilikuwa nimeshajiapia kwamba urembo wote ni upuuzi, kumbe nilikuwa nimetupa na cha maana. Kwenye duka la kwanza tulilokuta huko juu nilipata kioo kidogo cha mfukoni chenye fremu ya kijani, nikakibandika kwenye kibao kwa utepe wa karatasi. Mama akajitazama. Akapangusa vumbi la njia kwenye nyusi, akanyoosha kilemba, akalamba kidole na kulaza mvi moja iliyokuwa inasumbua. Hakuharakishwa na mtu.

Mama mkubwa alitoka mlangoni akiongozwa na mkono wa mjukuu. Mama akashika kishikio, akashuka peke yake, akamwendea. Yule dada akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamsogeza karibu sana, pua karibu kugusana, akamgeuza kwenye mwanga.

"Umezeeka vizuri," akasema.

Wakacheka na kulia kwa pamoja, na mimi na Daniel tukaenda kusimama nyuma ya gari tukijifanya tunakagua matairi. Tulirudi huko mara nyingi baada ya hapo. Lakini kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha macho ya mama mkubwa yalikuwa yameshazimika, na uso aliobaki nao ndani yake ulikuwa ule wa siku ile, wenye kilemba kilichonyooka.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uishike. Sitakuambia usitazame taa wala ringi. Binadamu huvutwa na vitu vidogo, na anayekwambia yeye havutwi, chunguza gari lake. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ukishaingia, usikae kwenye kiti chako tu, kaa kwenye cha yule unayempakia. Kila kidogo kinachokupendeza, kiulize kinamhudumia nani. Kitu kile kile, kioo, kilinifanya mjinga kule Arusha na kumpa mama heshima kule juu ya Dareda. Tanguliza kishikio, kisha tafuta kioo, na kioo usikidharau. Na hii si ya magari peke yake, utaikuta kwenye kujenga, kwenye kuoa, hata kwenye kazi utakayoichagua.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu ayape macho yako subira, akupe watu wa kupakia na afya ya kuwapakia, na akuepushe na barabara ile isiyo na mtu wa kumfikia. Ukishalipata, lilete kwanza hapa Nangara. Maziwa nitakuwa nimeyatenga. Na kabla hujalipia, ingia na utoke mara tatu, maana magoti yangu siku hizi yamekuwa kama ya bibi yako.