Kidole Gumba cha Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya wilaya kule Ushirombo, Mkuu wa Masijala alinikabidhi kidau cha wino na kitambaa. Masijala ni chumba cha majalada, wajukuu zangu, msije mkadhani ni stoo. "Kijana," akasema, "hapa kidole hakigandamizwi. Kinabingirishwa, toka upande huu wa ukucha mpaka ule." Nikabingirisha vidole vya watu mpaka mashati yangu yote yakaingia madoa. Mke wangu alilalamika weee, mwisho akazoea.

Ila wino ule haukuwa na adabu, ulimkubali kila mtu. Doa jeusi chini ya karatasi, mhuri juu yake, imepita. Nani angejua doa ni la nani? Kuanzia Ushirombo, nikaenda Kahama, mpaka nilipohamishiwa Geita, nimeona wajane wakinyang'anywa viwanja kwa doa tu. Iliniuma sana.

Zilipokuja mashine, wenzangu walinuna. Mimi nilizipenda siku ileile. Mtu anaweka kidole kwenye kioo, kompyuta inamtambua. Kama siye, hapiti!

Ndipo akaja Mama Kulwa, mponda mawe wa machimboni. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake alishaanza kutangaza kwamba kiwanja ni cha kaka yake, atakiandikisha yeye. Mama alitaka kiandikwe kwa jina lake, lakini bila kitambulisho haiwezekani. Akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Mawe yalikuwa yamevisugua vidole vyote mpaka vikawa laini kama kigae.

"Kwa hiyo mimi si mtu?" akauliza.

Ofisa Usajili, bosi wangu ingawa kiumri ni binti yangu kabisa, akazunguka meza akamshika mikono, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ngozi inaota tena. Acha kuponda kwa muda, pakaa mafuta kila siku, kisha njoo kwangu moja kwa moja."

"Nikiacha kuponda, wanangu watakula nini?"

Wenzake ndio waliolijibu swali hilo. Kule kila mama ana fungu lake la mawe. Wakaligawana la kwake, wakaliponda kwa zamu, huku wakimtania kwamba amekuwa bibi harusi, kutwa kujipaka mafuta.

Akarudi. Akaweka kidole gumba. Taa ya kijani ikawaka. "Umesomeka, mama," ofisa akasema. Nililia mbele za watu, wala sioni haya. Kitambulisho kikatoka, na kiwanja kikaandikwa kwa jina lake.

Baadaye shemeji alikuja dirishani kwangu, shati limenyooka kwa pasi. "Mzee, hakuna namna?"

"Namna ilikuwa zamani, baba. Siku hizi muulize kioo."

Sasa nimestaafu, nakaa Ibadakuli. Mambo ya pensheni nayafuatilia kwa simu, nimekaa kwangu na uji wangu, sipangi foleni ya mtu. Huwa nacheka peke yangu.

Juzi Mama Kulwa alipita kunisalimu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Hebu nione kidole."

Akaninyooshea. Kilikuwa laini vilevile kama siku ile ya kwanza.

"Mawe yameshakifuta tena," akasema, akicheka. "Yakifute tu. Nyumba nimeshapaua."