Nilithibitisha ampli haihitaji standby, Kasulu mtu akakosa pa kusimama

Wakuu habari za muda huu. Nimeona mnavyobishana kuhusu ampli za gitaa za valvu, kama swichi ya standby ina kazi au haina. Nasimulia niliyoyashika kwa mikono yangu, sina sababu ya kudanganya.

Miaka ya tisini nilitoka Dar kwa treni, siku mbili na ushee, nikashuka Uvinza. Nikapanda lori la chumvi hadi Kasulu. Kuna kwaya iliniita nikapige gitaa.

Ampli yao ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo ambazo lazima zipate moto ndipo sauti itoke. Swichi mbili. Moja ya umeme, nyingine ya standby, ya kuiacha ampli kimya wakati valvu zinapata moto.

Mwalimu wa kwaya alitafuta "standby" kwenye kamusi, akapata "simama kando". Basi akateuliwa mtu wa kusimama kando ya ampli.

Mzee Bukuru, familia yake ilitoka Burundi. Kuimba hawezi kabisa. Ibada nzima yuko wima, suti ya kahawia, kidole kwenye swichi.

Nikamwambia, "Mzee, hata ukiwasha moja kwa moja haidhuriki."

"Wewe piga gitaa. Mimi niko kazini."

Tukaalikwa Kibondo. Njiani lori lilirukaruka mpaka swichi ikavunjika, likabaki tundu. Nilichomoa umeme, nikasubiri chaji iishe, nikaunganisha nyaya zake mbili. Ampli ikapiga siku tatu bila standby. Ilipiga vizuri kuliko mimi.

Waimbaji wakaanza: "Bukuru, kaa chini bwana, cheo kimevunjika!"

Akacheka nao.

Jumapili mbili hakuja kanisani. Mkewe akaniambia, "Anasema hana pa kusimama."

Nikang'oa swichi kwenye redio mbovu, nikaifunga kwenye lile tundu. Haikuunganishwa na kitu chochote. Nikatangaza standby imepona.

Bukuru akarudi na suti yake. Akabonyeza, tak, akanipa ishara nipige.

Tukaenda hivyo mwaka na nusu. Haikuungua hata valvu moja.

Siku naondoka moja kwa moja alinisindikiza hadi kwenye lori. Akaniinamia sikioni.

"Mwana wanje, mwanangu, ile swichi haina waya. Nilifungua zamani nikaona."

Nikashusha begi chini, nikamshika mkono.

"Usimwambie mwalimu," akasema, akageuka kuwahi mazoezi.

Kwa hiyo jibu langu: ampli haiihitaji. Ila kabla hujaing'oa, uliza kwanza nani anaishika.

Mafundi karibuni mnirekebishe, kwenye umeme tu.